IST Kuukuu: Oili Kwanza, Kilometa Baadaye

CHINI YA BONETI
Na Mshika Spana

Toyota IST ya kizazi cha kwanza, iliyoundwa Japani kati ya 2002 na 2007, ni ndugu wa Vitz kwa umbo la chini na kwa injini. Zipo za cc 1,298, yaani 2NZ, na za cc 1,497, yaani 1NZ. Hata zile za mwisho kutoka kiwandani sasa ni gari zee, na udhaifu wake unajulikana vyema gereji. Ajabu ni kwamba mnunuzi bado hukimbilia kusoma kilometa, namba ambayo fundi mwenye kompyuta huirudisha nyuma kabla chai haijapoa.

Cha kupimwa kwanza ni oili. Injini za NZ, hasa za miaka ya mwanzo, zina tabia ya kula oili. Ringi za pistoni zinazokwangua oili huzibwa na masizi kwenye vitundu vyake, oili ikabaki ukutani mwa silinda na kuungua pamoja na petroli. Dalili ni moshi wa bluu gari linapowashwa asubuhi au linapokanyagwa baada ya kuteremka mlima. Hata hivyo, gari linaweza kumeza lita nzima kati ya sevisi mbili bila moshi wa kuonekana, kwa hiyo dipstiki husema ukweli kuliko ekzosi.

Madhara hayaishii hapo. Injini hizi zina cheni, si mkanda, na kikaza cheni husukumwa na presha ya oili hiyohiyo. Vivyo hivyo mfumo wa VVT-i, unaobadili muda wa kufunguka kwa vali. Oili ikipungua au ikiwa nzito kama lami, cheni hulia kwa sekunde kadhaa injini ikiwa baridi, nguvu hupungua, na taa ya cheki injini huwaka. Injini hubeba chini kidogo ya lita 4 tu, kwa hiyo upungufu wa lita moja si jambo dogo. Dawa ya kudumu ni kufungua injini na kubadili ringi. Kumwaga oili nzito zaidi ili kuficha moshi ni ujanja wa muuzaji, si matengenezo.

Gari likimisi, mara nyingi kosa ni la koili au plagi. Kila silinda ina koili yake. Gasketi ya kifuniko cha juu ikichoka, oili huvuja hadi kwenye visima vya plagi na kuiharibu koili mpya iliyowekwa juzi. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inayopanda na kushuka kwa kawaida hutokana na uchafu wa throto, na kusafisha hutosha.

Upande wa maji, pampu huvuja na matangi ya plastiki ya rejeta hupasuka kwa uzee. Lakini adui mkubwa ni desturi ya kutoa themostati na kujaza maji ya bomba. Injini hukosa joto lake sahihi, petroli huliwa zaidi, na kutu hujaa ndani.

Gia boksi ya otomatiki ya gia nne ni imara ikipewa oili yake, T-IV. Ikichanganyiwa ya aina nyingine, gia huingia kwa kishindo. Mtetemo gari likiwa kwenye D mbele ya taa nyekundu ni suala jingine: hiyo ni maunting ya injini upande wa kulia, yenye majimaji ndani, na ikivuja hubadilishwa.

Mipira ndiyo hufa kwa umri bila kujali kilometa. Bushi za amu, linki za stablaiza na maunting za shokapu hugonga kwenye barabara ya vumbi. Kava la draivushafti likichanika, grisi hutoka, na jointi huanza kulia kwenye kona. Wanaoinua gari kwa spesa huilazimisha jointi hiyo ifanye kazi kwa pembe kali zaidi, kisha humlaumu Mjapani. Nafuu ni kwamba spea nyingi za injini hulingana na za Probox na Raum, hivyo Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi hazikosekani.

Bodi hukaguliwa chini. Gari lililoishi kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huja na kutu kwenye mabomba ya breki na ekseli ya nyuma, na hewa ya pwani huimalizia. Kitasa cha mlango wa nyuma huvunjika pia, lakini hicho ni cha kupunguziwa bei, si cha kuliacha gari.