NDEGE IKISHATUA IBADAKULI, UNAFIKAJE MJINI?

Wiki hii hatuongelei mapenzi, ingawa ukifika mwisho utaona nayo yamo.

Kijiweni siku hizi stori ni moja tu: Ibadakuli inapanda chati. Uwanja wa ndege uliokuwa wa changarawe umeingizwa kwenye mradi wa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, fungu moja na Tabora, Kigoma na Sumbawanga. Reli ya kisasa nayo imo. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 ukijumlisha na njia za kupishania, kiliwekewa jiwe la msingi Juni 2021. Lami ya kwenda Mwanza tunayo zamani. Mtu akisikia hayo anaona ameshayapatia maisha.

Sawa, bomba. Ila mimi nina swali la kishamba: ukishashuka, unaendaje?

Hebu tazama. Uwanja wa ndege uko Ibadakuli. Stesheni ya reli ya zamani iko mjini. Mabasi yana stendi yake. Hospitali ya rufaa ya mkoa imehamia Mwawaza, nje ya mji. Kila kitu kizuri kikiwa peke yake. Kimbembe kipo katikati, pale unapotoka kimoja kwenda kingine. Hapo ndipo unapochunwa kama buzi! Una begi, una mtoto, jua linawaka au giza limeingia, na mwenye pikipiki anakuangalia viatu kabla hajataja bei.

Msidhani ni sisi peke yetu. Wenzetu Kenya walizindua treni yao ya Nairobi na Mombasa Mei 31, 2017. Treni safi, hakuna ubishi. Lakini stesheni ya Mombasa ikajengwa Miritini, na ya Nairobi ikawa Syokimau, zote mbali na katikati ya mji. Kwa hiyo abiria anashuka amependeza, halafu anaanza safari ya pili ya kugombania matatu. Nairobi walikuwa na ahueni kidogo, maana treni ndogo ya mjini ilikuwa inafika Syokimau tangu 2012, ikawa inawapokea watu na kuwaingiza mjini. Umeona? Kilichookoa jahazi ni ile ndogo.

Sasa rudi kwetu. Shinyanga ni tambarare, na baiskeli ndiyo mwenye mji. Kule Dar daladala ni basi, neno lenyewe limetoka kwenye "dala", sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli enzi hizo. Lakini mwulize kaka yako wa Shinyanga, atakwambia daladala ni baiskeli yenye kiti laini nyuma! Baiskeli imesomesha watoto, imebeba maji, mkaa na pamba, imepeleka wagonjwa hospitali. Leo huyo mwenye mji anasukumwa kwenye ukingo wa lami, lori la mizigo linampitia sikioni. Akianguka tunasema "ajali kazini". Ajali gani kazini, wakati hakupewa pa kupita?

Na inawezekana kumpa. Daraja la Kigongo na Busisi, lile lililofunguliwa Juni 19, 2025 na kuwaondolea watu wa Geita na Sengerema adha ya kusubiri kivuko, limewekewa njia za waenda kwa miguu. Dar nako, mwendokasi ilipoanza Mei 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa imewekewa njia za baiskeli pembeni. Wauza nguo na bodaboda wakazivamia, hiyo kesi nyingine. Ila aliyechora alikumbuka kuwa si wote wenye gari.

Noma iko hapa: ndege ina watu wake, treni ina TRC, barabara kubwa ni TANROADS, za mitaani ni TARURA, leseni na nauli za daladala ni LATRA, stendi ni Manispaa. Kila mmoja ana ofisi yake na mhuri wake. Nani anawaita wote wakae meza moja? Kidole kimoja hakivunji chawa, wazee walishasema.

Mimi wangeniita kwenye kikao hicho, hata kwa soda moja tu, ningesema manne:

Kwanza, hiace za kwenda Ibadakuli na Mwawaza zifuate saa za ndege na saa za kliniki, si saa ya konda kushiba.

Pili, getini pabandikwe bei za bodaboda na bajaji, herufi kubwa, hata bibi asiye na miwani azione.

Tatu, ukanda wa baiskeli kutoka mjini hadi Ibadakuli, na mahali pa kuifungia ukifika.

Nne, stesheni mpya isifunguliwe kabla njia ya kufika pale haijafunguliwa. Biashara ya kuweka daladala "baadaye" tunaijua ilivyo.

Washikaji wa bodaboda msinirukie. Sisemi mfukuzwe. Ukiwa na kituo kinachojulikana, kivuli na bei iliyoandikwa, abiria hakuogopi, anarudi kesho. Ugomvi wa bei ndio unaokukimbizia wateja, si hiace.

Na nyie mnaosema "hayo ya wakubwa", hebu fikiria dada yako ana uchungu saa nane usiku na safari ni ya Mwawaza. Hapo ndege haikusaidii kitu. Anachohitaji ni chombo cha bei anayoimudu.

Haya, nilisema mapenzi yamo. Kaka, mchumba akikwambia anakuja kwa ndege, usikimbilie kununua manukato. Tafuta kwanza usafiri wa kumtoa Ibadakuli. Wapo waliochumbiwa angani wakaachwa getini!

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.