Si Kila Mguu Uliolegea ni Mgongo

Wasee wa Eastlands, tuongee ukweli. Kuanzia Dandora hadi Umoja, mtu akianza kuburuta miguu, jibu liko tayari: "Huo ni mgongo." Kama ni fundi wa mjengo ama amebeba mizigo Gikomba miaka kumi, hakuna anayeuliza tena. Mimi naona jibu hilo tumelizoea mno, na linaweza kumgharimu mtu miguu yake.

Sehemu ya ubongo inayoendesha miguu iko juu ya kichwa, katikati kabisa. Ya mguu wa kulia na ya mguu wa kushoto zimepakana kama wapangaji wa ploti wanaogawana ukuta. Uvimbe unaoitwa meninjioma ukiota hapo katikati, unaweza kuzikandamiza zote mbili. Miguu inakakamaa, inaishiwa nguvu, hata mkojo unasumbua, na mikono iko sawa tu. Ukimtazama mtu huyo utaapa ni uti wa mgongo. Na kwa sababu meninjioma nyingi si saratani na hukua polepole, anaweza kukaa miaka akikandwa na kumeza dawa za maumivu.

Siku moja familia inachangishana, anapigwa MRI ya kiuno, inaonyesha diski imetokeza. Basi, kesi imefungwa! Lakini diski zilizochakaa huonekana hata kwa watu wasioumwa na chochote. Isitoshe, uti wa mgongo wenyewe huishia pale kiuno kinapoanza, kwa hivyo picha ya kiuno pekee haiwezi kueleza miguu iliyokakamaa. Pesa imeenda, na mahali penye shida hapajaangaliwa.

Sisemi kila anayeumwa mgongo akapigwe picha ya kichwa. Wengi ni mgongo kweli, na TB ya mgongo ipo hapa kwetu. Nasema hivi: picha ya mgongo ikishindwa kueleza miguu, tupande juu. Hasa kama kuna kuumwa kichwa kusikoisha, mguu unaorukaruka wenyewe, degedege, ama mtu amebadilika tabia. Na miguu ikiisha nguvu ghafla ama mkojo ukiziba, ni hospitali siku hiyo hiyo, si kesho.

Kabla ya kulipia picha nyingine, muulize daktari kwa heshima: "Daktari, na kichwa je?" Kuuliza ni bure, bana. Mtumie hii yeyote ambaye mzazi wake "anaumwa mgongo" mwaka wa pili sasa.