Tusiwapime wakimbizi kisha tukaondoka

Kwa msomaji wa Soweto, hapa Moshi, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko upande wa pili kabisa wa nchi, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Lakini daktari anayesomea hospitali ya KCMC leo anaweza kupangiwa Kigoma kesho, kwa hiyo afya ya akili ya wakimbizi wa huko inatuhusu.

Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Tangu 2015 wakaongezeka Warundi. Wapo waliozaliwa humo na sasa ni wazazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kuwa mtu 1 kati ya 5 katika maeneo yaliyokumbwa na vita ana tatizo la afya ya akili. Hayo ni makadirio ya dunia. Hayamwambii mganga wa kambini aanze na nani.

Tathmini ya afya ya akili humo kambini ni lazima, basi. Wasiwasi wetu uko kwenye maswali. Dodoso linaloishia kwenye habari za risasi na usiku wa kukimbia halitoshi, maana kinachomnyima mtu usingizi leo huenda ni mgawo wa chakula uliopunguzwa, au tetesi za kurudishwa kwao. Hayo nayo yaulizwe, kwa Kirundi na kwa Kiswahili cha Kongo, si kile cha ofisini. Aulizwe pia nani humfariji: kanisa, msikiti, jirani.

Kisha, na hapa hatuna simile, asiulizwe mtu maswali hayo kabla dawa, mshauri na siku ya kliniki havijapatikana.