Maji ya Meru Yagawanywe kwa Zamu

Mlima Meru ndio mama wa mito ya Arusha. Themi, Nduruma, Tengeru, Usa na mingine huzaliwa katika misitu yake, hupita kwenye migomba na kahawa, hupenya mashamba makubwa na mitaa ya mji, kisha maji yake hukusanyika katika mto Kikuletwa na kuingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kwa hiyo mtu anayefungua mfereji kule juu anagusa chungu cha ndugu yake wa tambarare, ambaye pengine hatamwona maisha yake yote.

Wakati wa masika jambo hili halimsumbui mtu. Husumbua wakati wa kiangazi, na zaidi katika ukame kama ule wa mwaka 2021 na 2022, mifugo ilipokufa kwa wingi Simanjiro na Longido. Mto unapopungua ndipo ujirani hupimwa.

Wazee wa Kimeru na Kiarusha walilitafutia jambo hili dawa zamani. Walichimba mifereji kwa mikono yao, wakaiwekea kamati, na asiyefika kwenye kazi ya kuisafisha alitozwa faini. Walowezi walipopewa ukanda wa mashamba chini ya mlima, wananchi walibanwa ardhi na maji pamoja. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafikisha kilio chao Umoja wa Mataifa. Watu waliokwisha kuyaona hayo hawahitaji kuhubiriwa thamani ya umoja.

Katika bonde la Themi, wenye mifereji inayotumia mto mmoja wameunda kamati za mto. Siku kadhaa ni za walio juu, siku kadhaa za walio chini. Na zamu ya walio chini ikifika, mabanio ya juu hufungwa. Ukame ndio uliowakutanisha na kuwafundisha mpango huo.

Twapenda wasomaji wetu waone hekima iliyomo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 huwataka watumiaji wawe na kibali kinachotaja kiasi cha maji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ndiyo inayokitoa. Hatukipingi kibali. Lakini kibali hutaja lita, na mto haujui lita zilizoandikwa. Ukipungua nusu, aliye juu aweza kuchota kiasi chake chote kihalali, na aliye chini akabaki na mchanga. Zamu hugawa siku, wala haigawi lita. Mto ukipungua, fungu la kila mtu hupungua. Huko ndiko kugawana shida kwa haki.

Hata hivyo zamu ina udhaifu wake. Aliye chini humhitaji aliye juu, lakini aliye juu hamhitaji aliye chini. Banio lililofungwa mchana laweza kufunguliwa usiku. Tena makubaliano ya wakulima wadogo hayana nguvu ikiwa shamba kubwa la maua linavuta maji kwa mashine na halimo katika kamati. Mji nao umekua: mwaka 2012 Jiji la Arusha lilikuwa na watu zaidi ya 416,000, na mwaka 2022 zaidi ya 617,000. Mji unaokunywa maji ya mlima na kuurudishia mto taka hauwezi kujiita mgeni katika shauri hili.

Kwa hiyo twasema hivi. Mwenye shamba kubwa, mkulima wa mfereji, mfugaji wa tambarare na wakuu wa mji waketi katika baraza moja la mto. Jumuiya za watumiaji maji, ambazo sheria hiyo inazitambua, zipewe nguvu ya kusimamia zamu, na ratiba yake ibandikwe hadharani kila kijiji. Mabanio yawe na vipimo ambavyo hata mtoto wa shule aweza kuvisoma. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto, itekelezwe kwa tajiri na kwa maskini. Tena maji mengine yaachwe yapite, kwa kuwa mto wenyewe nao una haki yake kisheria.

Ndugu wafanyakazi na wakulima, kazi hii haingoji mvua ikatike. Makubaliano yaliyofanywa wakati maji yapo huheshimiwa. Yanayotafutwa mto ukiwa umekauka huwa ugomvi. Kila kamati na ikutane sasa, na viongozi wa mji wasisubiri kuitwa.