MAFUTA YA KARAFUU NA MAKUNYANZI YA USO



Katika mkutano wetu uliopita lililetwa shauri ambalo hatukuweza kulimaliza, kwani jua lilikuwa limekwisha kuchwa na wengi walikuwa na safari ya mbali. Shauri lenyewe ni hili: baadhi ya wanachama, hasa akina mama wanaotengeneza mafuta majumbani, walitaka chama kiwapigie chapa karatasi za kubandika vichupani, ziandikwe kuwa mafuta hayo yaondoa makunyanzi ya uso. Walisema kuwa wageni wanaotembezwa mashambani huuliza sana mafuta ya namna hiyo, na kichupa chenye maneno hayo hupata bei nzuri kuliko kisichoandikwa kitu. Wengine walikubali, wengine walinyamaza, na sisi wa uandishi wa chama tukaombwa tulifikiri jambo hili na kutoa rai yetu katika ukurasa huu.

Rai yetu twaitoa leo bila ya kificho: maneno hayo tusiyaandike. Twajua kuwa wako watakaochukizwa, na baadhi yao ni jamaa zetu wa karibu. Twawaomba watusome mpaka mwisho, kisha watuhukumu.

Kwanza hatuna budi kutenganisha vitu viwili ambavyo sote tumezoea kuviita kwa jina moja. Kuna mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, ambayo bibi zetu waliyajua zamani: nazi hukunwa, tui likakamuliwa, likapikwa kwa moto wa taratibu mpaka mafuta yakaelea na mashapo yakabaki chini, kisha mafuta yakatiwa punje za karafuu na kuachwa siku kadhaa mpaka yakashika harufu. Haya nguvu yake ni ndogo. Na kuna mafuta ya karafuu halisi, yanayotolewa kwa mvuke kutoka katika makonyo, majani au karafuu zenyewe, kama yale ya makonyo yatolewayo katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Haya ni kitu kingine kabisa. Sehemu yake kubwa, nayo mara nyingi huwa 70 mpaka 90 katika kila 100, ni dawa iitwayo eujenoli. Ndiyo iipayo karafuu ukali wake na harufu yake, na ndiyo itiayo ganzi jino linapouma. Madaktari wa meno wanaitumia mpaka leo.

Kitu kinachoweza kulitia ganzi jino si kitu cha kuchezewa usoni. Msimu uliopita mke wa mwanachama mmoja, ambaye ametupa ruhusa tulieleze jambo lake bila ya kumtaja jina, aliambiwa na shoga yake kuwa mafuta halisi ya karafuu yakipakwa usiku hunyoosha ngozi. Akapaka usiku wa kwanza, akaona uso umekufa ganzi, akadhani ndiyo dawa imeingia. Akapaka wa pili na wa tatu. Asubuhi ya siku ya nne mashavu yalikuwa yamevimba na ngozi inambanduka. Wiki mbili hakutoka nje, na karafuu za mumewe zikachambuliwa na majirani. Uvimbe ulikwisha, lakini mabaka meusi yalibaki miezi mingi. Alituambia maneno haya: "Ndugu zangu, makunyanzi yalikuwa ya umri wangu, sikuwa na haja ya kuyaonea haya. Mabaka haya nimeyanunua kwa fedha yangu mwenyewe."

Yaliyompata si jambo la kushangaza. Wataalamu wa mafuta haya wameweka kiwango kuwa, yakipakwa mwilini, yasizidi nusu ya sehemu moja katika 100. Kwa vipimo vya jikoni, hayo ni kama matone 3 katika vijiko 2 vikubwa vya mafuta ya nazi, na huo ndio mwisho. Hata hivyo wako watu ambao ngozi zao haziikubali eujenoli hata ikiwa kidogo sana. Kwa sababu hiyo sheria za Umoja wa Ulaya zataka kila mafuta ya kupaka yenye eujenoli inayozidi sehemu 0.001 katika 100 yaandikwe jina lake kichupani, ili mnunuzi ajihadhari. Na jambo kubwa kuliko yote ni watoto. Imeandikwa katika majarida ya udaktari habari ya mtoto wa miaka 2 aliyemeza mafuta ya karafuu yasiyozidi vijiko viwili vidogo, akapoteza fahamu na ini lake likaharibika. Kichupa kilicho wazi juu ya meza ya kujipambia ni hatari iliyomo ndani ya nyumba.

Basi mtu atauliza: je, mafuta ya nazi yenyewe, au uto, au mafuta ya zeti, hayana faida kwa uso? Yanayo faida, lakini lazima tuijue ni faida gani. Ngozi ikikauka huonyesha mistari midogo midogo, kama udongo usionyeshewa mvua. Mafuta yakipakwa juu huzuia maji ya ngozi yasiruke, ngozi ikalainika, na mistari ile midogo ikapungua machoni mwa mtazamaji. Hayo ni kweli, na kila aliyepakwa mafuta ya nazi na mama yake baada ya kuogeshwa ayajua. Uchunguzi uliofanywa Manila na kutolewa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto wenye ngozi kavu ya kuwasha walipata nafuu kubwa zaidi kwa mafuta ya nazi kuliko kwa mafuta ya madini. Lakini mafuta hayo hayo huwatoa chunusi baadhi ya watu usoni. Na mafuta ya zeti, ambayo wengi wetu twayathamini sana, yalionekana katika uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2013 kuwa huidhoofisha ngozi ya juu badala ya kuitia nguvu.

Ama kunyanzi lenyewe, lile la ndani, halimo katika ngozi ya juu. Chini ya ngozi mna nyuzi ziitwazo kolajeni, nazo ndizo zinazoishika ngozi ikasimama, mfano wa kamba zinazoshika wavu. Nyuzi hizo zikikatika, ngozi hulegea na kujikunja. Mafuta yapakwayo juu hayaendi kuzifunga kamba zilizokatika chini. Ipo dawa ya daktari iitwayo tretinoini ambayo imethibitika kupunguza makunyanzi kiasi, lakini huwasha ngozi, haipasi kutumiwa na mwanamke mja mzito, na hutumiwa kwa maagizo ya daktari tu.

Na ni nani anayezikata kamba hizo? Umri huzikata, nao hauna dawa. Lakini adui mkubwa baada ya umri ni jua. Mwaka 2012 jarida moja la madaktari wa Marekani lilitoa picha ya mzee wa miaka 69 aliyekuwa dereva wa gari la mizigo kwa muda wa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, ambao ulikuwa ukielekea dirishani na kupigwa na jua siku zote, ulikuwa umejaa makunyanzi mazito. Upande wa kulia ulikuwa kama wa mtu mwingine aliye kijana kuliko yeye. Uso mmoja, mtu mmoja, umri mmoja. Na huko Australia watu 903 walichunguzwa kwa muda wa miaka minne na nusu. Walioambiwa wapake dawa ya kuzuia jua kila siku ngozi zao zilichakaa kwa kiasi cha 24 katika 100 chini ya wenzao. Majibu hayo yalitolewa mwaka 2013. Ni kweli kuwa ngozi nyeusi hujikinga zaidi kuliko nyeupe, na hiyo ni neema, lakini kinga hiyo si kamili.

Sasa tuangalie kazi yetu wenyewe. Karafuu haikauki kivulini. Nani anayekaa juani siku nne au tano akizianika, akizigeuza, akizichungia mvua, akizianua na kuzianika tena? Mara nyingi ni mama zetu na dada zetu. Kisha hurudi jikoni wakainamia moshi wa kuni, na moshi huo nao, kwa uchunguzi wa China uliotolewa mwaka 2015, umeonekana kufuatana na makunyanzi mengi zaidi usoni. Twaona basi ni jambo la kusikitisha kuwa mtu ambaye uso wake umechakaa kwa ajili ya karafuu anauziwa mafuta ya karafuu ili kuuponya. Lau chama kina fedha ya kupiga chapa karatasi za kichupa, fedha hiyo ingefaa zaidi kununuliwa kofia pana za ukili, na kujengewa vibanda vya makuti kando ya sakafu za kuanikia, ili mwenye kuzichunga karafuu akae kivulini badala ya kukaa pamoja nazo juani. Jua kali ni la kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi. Karafuu nazilihitaji, lakini mchungaji halihitaji.

Wapo watakaosema: "Katibu huyu ametufungia riziki. Wageni wenyewe wanataka, na anayenunua kwa hiari yake hakuonewa." Hoja hii hatuidharau. Twajua ada za skuli, twajua bei ya unga, na twajua kuwa mwaka usio wa msimu ni mrefu. Lakini kumwambia mtu kuwa chupa ina kitu ambacho haina ni sawa na kupunja mizani. Tofauti ni kuwa mizani humpunja mnunuzi fedha yake, na kichupa hiki chaweza kumpunja uso wake. Tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, kisiwa chetu cha Pemba ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya zao hili, na wazee wetu waliuza kwa jina safi. Sisi wenyewe hukasirika mchumaji akichanganya mpeta na karafuu nzuri ili gunia lizidi uzito. Tutakuwa na uso gani wa kumlaumu, tukiwa tumechanganya uongo katika mafuta?

Tena tukumbuke njia hii huishia wapi. Dukani mna mikorogo ya kupaka usoni, nayo ilianza na ahadi tamu kama hizi za kunyoosha na kung'arisha. Baadhi yake imeonekana kuwa na zebaki, ambayo hudhuru figo, na nchi zimekubaliana katika Mkataba wa Minamata kuviondoa sokoni vipodozi vya namna hiyo. Hatusemi kuwa mama anayepika mafuta ya nazi jikoni kwake ni sawa na mwenye kuuza zebaki. Twasema kuwa mnunuzi aliyezoea kuamini karatasi ya kichupa bila ya kuuliza hatajua kumtenga huyu na yule.

Basi twapendekeza haya. Karatasi zipigwe chapa, lakini ziandikwe maneno ya kweli: mafuta ya nini, yametengenezwa wapi na lini, na ya kuwa yanalainisha ngozi kavu. Neno "makunyanzi" lisiwemo. Vichupa vya mafuta halisi viandikwe kwa herufi kubwa kuwa yasimezwe, yasipakwe kabla ya kuchanganywa, yasitiwe usoni, na yawekwe mbali na watoto. Mwenye kutaka kuyajaribu mafuta yaliyochanganywa ajipake kidogo ndani ya mkono na kungoja siku mbili. Na asichanganye ndimu wala limau katika mafuta ya uso, kwani maji yake yakikutana na jua huunguza ngozi.

Wala hatuna ugomvi na mambo yetu ya asili. Liwa ipakwe, na singo ya bibi harusi isagwe na karafuu yake, asmini yake na mlangilangi wake kama ilivyosagwa siku zote. Bibi zetu walijua kuwa singo husuguliwa kisha ikaoshwa, na karafuu ndani yake ni kidogo. Wala hatukupata kusikia somo akimwahidi mwari kuwa hatazeeka.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mafuta ya nazi mazuri, yaliyopikwa kwa usafi na kutiwa harufu ya karafuu ya Pemba, ni kitu chema, nayo hayana haja ya kusingiziwa kazi isiyo yake. Shauri hili litarudi mbele yenu katika mkutano ujao kabla ya kuanza uchumaji. Twawaomba akina mama waje kwa wingi na vichupa vyao mikononi, wasiwaachie waume zao kuwasemea, kwani nyuso zinazozungumzwa hapa ni zao.

Ni sisi wenu katika kazi ya chama,

KATIBU