Saa ya Utafiti Haimsubiri Mzazi

Ukitaka kujua namna sheria inavyomtazama msomi mwenye mtoto mchanga hapa Kampala, isome Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006. Mama hupewa siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Baba hupewa siku 4. Siku nne! Kitovu cha mtoto hakijadondoka, baba amekwisharejea kazini.

Siku 60 za kazi ni takriban majuma 12, ilhali Shirika la Afya Duniani lahimiza mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Kenya angalau ilikwenda hatua moja mbele: Sheria yake ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea kazini. (Nasi twaiita likizo, neno lilelile tunalowapa wanafunzi wanapokwenda nyumbani kupumzika. Aliyeipa jina hilo sijui kama aliwahi kulala na mtoto mchanga.)

Kwa mtafiti, hata hivyo, idadi ya siku si kiini cha tatizo. Karani akirejea huikuta kazi yake alipoiacha. Mtafiti hurejea akakuta muda wa ufadhili wa shahada ya uzamivu umepungua, msimu wa kukusanya data umepita, na wenzake wamekwisha kuchapisha makala. Cheo chuoni hupimwa kwa shahada na makala, na umri wa kuyatimiza hayo ndio uleule wa kuzaa.

Makerere ilianzishwa mwaka 1922. Wanawake sita wa kwanza walipokewa mwaka 1945. Kwa zaidi ya miaka ishirini, basi, ratiba ya usomi ilizoeleka kwa watu ambao watoto wao walilelewa na mtu mwingine. Sioni kwamba tumeibadilisha sana.

Utaniambia: si kuna yaya? Naam, yupo. Mara nyingi ni msichana aliyekatiza masomo kijijini, akaja mjini kumlea mtoto wa anayetafuta udaktari wa falsafa. Kurasa nyingi za utafiti wa mji huu zimeandikwa yeye akiwa na mtoto mgongoni, wala jina lake halimo katika tabaruku. Sisemi asiajiriwe. Nasema mshahara wake mdogo usiwe ndiyo sera yetu ya malezi.

Lipo jambo lisilohitaji jengo jipya. Baraza la Utafiti la Ulaya, linapopima nani anastahili kuomba ruzuku za watafiti chipukizi, humwongezea mama muda wa miezi 18 kwa kila mtoto. Baba naye huongezewa muda sawa na likizo ya uzazi aliyoichukua. Saa husimama, kisha huendelea. Ni ibara chache tu katika kanuni.

Vyuo vyetu navyo vina pa kuziandikia ibara hizo. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2001 inawapa wahadhiri na wanafunzi viti katika baraza la chuo. Iwapo wewe ni mmoja wa wanaompigia kura mwakilishi huyo, muulize kabla ya kumpa kura yako: mtafiti akijifungua, muda wa ufadhili wake utasimama kwa miezi mingapi? Na baba je?