Getini wanaulizwa nini?

Pale Pugu, katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Mwalimu Nyerere alifundisha hadi 1955 wavulana wa makabila mengi. Ni serikali yake yeye huyohuyo iliyotaifisha shule za misheni kwa Sheria ya Elimu ya 1969, ili dini isimzuie mtoto kusoma. Leo shule nyingi za Kanisa zinapokea Waislamu, na ni vizuri. Lakini ada je? Mtoto wa mvuvi wa Maparoni, kule delta ya Rufiji, hataulizwa dini getini. Ataulizwa risiti ya benki. Soma Yakobo, sura ya pili, habari za mwenye pete ya dhahabu. Tukichangishwa tena bweni jipya, tuulize: vitanda vingapi ni vya wasio na ada?